Intaneti Inayokatika Isipotumiwa

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike makala ya elimu kwa toleo hili, kwanza nilifikiri niandike habari za volkeno, kama wengi walivyofanya mwaka hata mwaka. Lakini katika likizo ya Juni lilitokea jambo nyumbani kwetu Tanga ambalo lilinishughulisha wiki mbili nzima, likaleta ugomvi, likamponza mtoto asiye na kosa, na mwisho likafumbuliwa kwa saa ya ukutani na daftari. Naona ni afadhali niwaeleze hilo, maana naamini nyumba nyingi za wasomaji wetu zina ugonjwa huo huo, nao wote huuita kwa jina moja tu: mtandao mbovu.

Kwanza niwajulishe nyumba yenyewe. Mama huuza vitambaa sokoni, hutoka asubuhi na kurudi jioni. Dada yangu ni mshonaji, na cherehani yake iko sebuleni. Tangu mwaka jana amepata na kazi ya pili, nayo ni kuandika kwa kompyuta mazungumzo yaliyorekodiwa kwa sauti. Ofisi iliyo Dar es Salaam hutangaza kazi hizo katika ukurasa wake wa intaneti. Kazi ikitokea, ukurasa hulia kama kengele kwa waandishi wote waliouacha wazi, na anayejibu wa kwanza ndiye hupewa. Basi Dada huiacha kompyuta yake mpakato wazi juu ya meza, akashona huku anasubiri kengele. Simu yake mwenyewe ni ile ndogo ya vitufe, haiwezi kazi hiyo. Sabuni yangu ya hapa bweni, madaftari na nauli yangu ya kuja shule hutoka katika kengele hiyo, kwa hiyo sikuwa mtazamaji tu.

Intaneti yetu hutoka katika rauta ndogo ya mfukoni, ukubwa wake kama kipande cha sabuni. Ndani yake huwekwa laini ya simu, nayo hupokea intaneti kutoka mnarani na kuigawa nyumbani kwa njia ya waifai. Ina betri yake, kitufe kimoja, na kioo kidogo kinachoonyesha nguvu ya mtandao na idadi ya vyombo vilivyoungana nayo. Hukaa dirishani, maana hapo ndipo hupata mnara vizuri.

Nilipofika likizo nilikuta malalamiko. Dada alisema ya kwamba mara nyingi, akiwa katikati ya kushona pindo, huinua macho akaona kompyuta iko kimya muda mrefu. Akiigusa, huambiwa hakuna mtandao. Akienda dirishani, hukuta taa ya waifai imezimika. Akibonyeza kitufe, inawaka, intaneti inarudi, na hapo ndipo huona kwamba kazi ilikwisha kutangazwa na mwingine amekwisha kuichukua. Wiki ile ya kwanza alikosa kazi 3 namna hiyo.

Sasa taa ikizimika, na kitufe kikiwa ni kimoja tu, watu huuliza, "Nani amezima?" Mdogo wetu ana miaka 9, na vidole vyake vinajulikana. Ndiye aliyeifungua redio ya Bibi kwa kisu cha mezani. Mama akamwuliza, akakana. Akaniuliza mimi, na mimi, nasema kweli ijapokuwa ni aibu, nilishuhudia juu yake. Nilisema nilimwona karibu na dirisha. Alikuwa karibu na dirisha kweli, maana hukaa hapo kila siku akitazama katuni katika simu ya zamani ya Mama, isiyo na laini ndani yake, inayotumia waifai ya nyumbani tu. Alilia akasema, "Kaka, sikugusa." Mama akampiga marufuku kuingia sebuleni mchana, na ile simu akaizima, akaifungia kabatini.

Wiki iliyofuata Dada alikosa kazi 5.

Moja katika hizo ilikuwa mkutano wa siku mbili mzima, na ingetosha kulipia mahitaji yangu ya muhula huu. Ikaitwa fundi. Alikuja, akaiunganisha simu yake na rauta, akaketi nusu saa akinywa chai na kutazama video, wala haikukatika hata mara moja. Akachomeka pini katika kitundu kidogo, akairudisha rauta katika hali iliyotoka nayo kiwandani, hata ikatubidi kuandika neno la siri upya. Akasema, "Mtandao wenu mzima, labda bando lilikwisha," akatoza shilingi 10,000. Dada aliipigia simu kampuni ya mtandao pia. Waliangalia, nao wakasema wanaiona laini yetu iko hewani na haina kasoro. Ikawa Dada anasema inakatika, na kila anayekuja kuangalia anaikuta nzima. Mama mwenyewe akaanza kumwambia, "Mwanangu, pengine ni wewe unasinzia."

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Kuna kosa la intaneti linaloonekana unapoitumia. Mnara uko mbali, jioni watu ni wengi, bando limekwisha, rauta imepata joto la jua. Kosa hilo fundi ataliona, kwa sababu naye akija ataitumia. Lakini kosa linalotokea wakati ambapo hakuna anayetumia, yeyote anayekuja kulichunguza huliondoa kwa uchunguzi wake. Simu ya fundi ilikuwa dawa, naye hakujua. Alipoondoka, dawa ikaondoka pamoja naye.

Mimi nami nilianguka katika shimo hilo hilo. Katika kompyuta iko programu ndogo iitwayo ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983, akaiita hivyo kwa mlio wa vyombo vinavyopima vitu baharini kwa mwangwi. Hutuma kifurushi kidogo kwa kompyuta ya mbali na kungoja kirudi, na katika Windows waweza kuiamuru iendelee bila kukoma, mara moja kila sekunde. Nikaifungua, nikaketi mbele ya kompyuta alasiri nzima ili niikamate intaneti inakatika, nikigusa kibao kila mara kioo kisipate kuzimika. Saa nne zilipita, haikukatika. Nikamwambia Dada kwa majivuno kidogo kwamba hakuna tatizo. Hakunijibu, ila alikanyaga cherehani kwa nguvu.

Usiku ule nikakumbuka maneno ya mwalimu wetu wa Fizikia, kwamba katika jaribio hubadilishwa jambo moja tu kwa wakati mmoja. Nikatambua kuwa mimi sikubadilisha jambo lolote, nilikaa tu nikiizuia isilale. Nikatambua pia neno ambalo Dada alikuwa amelisema mara mbili na hakuna aliyelisikiliza, kwamba usiku haikatiki kamwe. Usiku Mama yuko nyumbani, na simu yake imeungana na waifai.

Asubuhi nikachukua daftari na kukaa mahali ninapoiona rauta na saa ya ukutani pamoja, bila kugusa kitu. Kompyuta niliizima kabisa, na ile simu ya zamani ilikuwa bado kabatini. Nilibonyeza kitufe saa tatu kamili. Saa tatu na dakika 10 taa ya waifai ikazimika yenyewe. Hapakuwa na mtoto karibu, wala paka. Nikarudia mara mbili zaidi: dakika 10, na tena dakika 10. Kisha nikamwomba Mama ufunguo wa kabati, nikaiwasha ile simu ya zamani, nikaiunganisha na waifai, nikaiacha kitandani bila kuitumia. Saa nzima ilipita na taa ikawaka vile vile.

Basi nusu ya fumbo ikafumbuka. Rauta za mfukoni zimetengenezwa kwa mtu anayesafiri. Mtengenezaji anaogopa betri isikwishe bure, kwa hiyo huipa amri: kama hakuna chombo chochote kilichoungana nawe kwa dakika 10, zima waifai ulale, na usiamke mpaka ubonyezwe kitufe. Kwa msafiri ni busara. Kwa mshonaji anayesubiri kengele ni hasara. Kampuni ya mtandao nayo haikusema uongo, kwa maana laini ilikuwa hewani kweli. Kilicholala ni ule upande unaotazama ndani ya nyumba, ambao wao hawauoni.

Lakini mtaniuliza, na mimi nilijiuliza, mbona kompyuta ya Dada ilikuwa wazi juu ya meza mchana kutwa? Hiyo si chombo kilichoungana? Nusu hii ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Dada alikuwa ameandika, kwa ombi langu, muda uliopita tangu alipoigusa kompyuta mara ya mwisho hata alipokuta taa imezimika. Hakuitazama kila dakika, kwa hiyo namba zake hazikuwa sawasawa, ila zilikuwa za namna mbili. Siku nyingine kufika nusu saa taa ilikuwa imekwisha kuzimika. Siku nyingine kwenye nusu saa ilikuwa bado inawaka, na ikafika robo tatu ya saa ndipo akaikuta imezimika. Kosa moja haliwezi kuwa na saa mbili.

Nikaiwasha kompyuta peke yake, bila chaja, nikaigusa mara ya mwisho saa nne kamili, nikarudi kitini pangu kuitazama rauta. Dakika ya 5 kioo cha kompyuta kikawa cheusi, lakini rauta ilionyesha bado namba 1, yaani chombo kimoja kimeungana. Dakika ya 15 namba 1 ikageuka kuwa 0. Kompyuta yenyewe haikuonyesha badiliko lolote kwa nje, maana kioo kilikwisha kuwa cheusi tangu zamani. Dakika ya 25 taa ya waifai ikazimika. Nikarudia na chaja ikiwa imechomekwa: namba ikawa 0 katika dakika ya 30, na taa ikazimika katika dakika ya 40.

Hesabu yake ni nyepesi. Windows huiamuru kompyuta ilale baada ya muda fulani isipoguswa, na muda wa betri na muda wa umeme hupangwa mbalimbali. Ya Dada ilipangwa dakika 15 kwa betri na dakika 30 kwa umeme. Kompyuta ikilala, huiaga rauta. Rauta ikibaki peke yake, huhesabu dakika 10 zake, kisha nayo hulala. Kwa betri, 15 na 10 ni 25. Kwa umeme, 30 na 10 ni 40. Na kwa nini siku nyingine Dada alitumia betri? Kwa sababu ya LUKU. Yuniti zikipungua alichomoa chaja, akidhani anaweka akiba, na siku hizo ndizo alizokosa kazi nyingi zaidi.

Tazameni tena jinsi kosa la pili lilivyolificha la kwanza. Kengele ya Dada haikunyamaza dakika ya 25 taa ilipozimika. Ilinyamaza dakika ya 15, kompyuta ilipolala, rauta ikiwa bado inawaka. Yeye akija kutazama huona taa imezimika, basi akailaumu taa. Kama ningalitengeneza rauta peke yake na kuishia hapo, ningalisifiwa siku moja, na kesho yake angalikosa kazi kama jana, ila safari hii na taa inawaka.

Na mdogo wetu je? Alipokuwa akikaa dirishani na katuni zake, ile simu ya zamani ilikuwa imeungana na waifai, na rauta haikupata nafasi ya kuhesabu dakika 10. Kompyuta ililala hata hivyo, lakini Dada akiigusa tu intaneti ilikuwapo, na mara nyingine aliwahi kazi. Ndiyo maana wiki ya kwanza, mtoto alipokuwa akiruhusiwa asubuhi tu, hasara ilikuwa 3, na tulipomfukuza kabisa ikawa 5. Tulimfukuza mlinzi.

Matengenezo yenyewe hayakuchukua robo saa. Kwenye kompyuta nilifungua mipangilio ya umeme, nikaacha kioo kizimike baada ya dakika 5 kama kawaida, maana kioo ndicho kinachokula umeme mwingi, lakini nikaizuia kompyuta yenyewe isilale iwapo chaja imechomekwa. Kisha nikafungua ukurasa wa mipangilio ya rauta. Ukurasa huo haumo katika intaneti, umo ndani ya rauta yenyewe. Unaufikia kwa kuandika katika kivinjari namba iliyobandikwa chini ya rauta au chini ya betri, na kwa rauta nyingi huanza na 192.168. Humo nikakuta sehemu ya muda wa kuzima waifai, imeandikwa dakika 10, nikaibadilisha isizime kamwe. Rauta tukaichomeka chaja mchana, kwa sababu bila kulala betri yetu haifiki jioni. Naonya jambo moja: fundi akiirudisha rauta katika hali ya kiwandani, zile dakika 10 zitarudi, na mtadhani mchawi amerudi.

Nyumba nyingine hazina rauta ya mfukoni, nazo intaneti hukatika ikiachwa. Nitazitaja sababu zake kwa ufupi.

Kama ni kompyuta moja tu inayopoteza waifai na vyombo vingine vyote vinaendelea, tafuteni katika kompyuta hiyo. Windows ina ruhusa ya kukizima kile kifaa cha ndani cha waifai ili kuweka akiba ya umeme, na ruhusa hiyo huweza kuondolewa katika mipangilio ya kifaa chenyewe.

Kama waifai ipo lakini ukurasa wa kwanza baada ya mapumziko unachelewa sana, kisha zinazofuata zinakuja upesi, yawezekana rauta imepangwa kuunganisha pale tu mtu anapohitaji, na kukata baada ya dakika kadhaa za kimya. Desturi hiyo ni urithi wa siku ambazo watu waliingia intaneti kwa kupiga simu na kulipia kila dakika, kwa hiyo kukata ilikuwa ni kuokoa fedha. Sisi hulipia bando, wala hatuhitaji huruma hiyo. Mpangilio hubadilishwa uwe wa kuunganishwa daima.

Namna ya mwisho ni ngumu kuliko zote, na haimo nyumbani mwenu. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, uitwao IPv4, ni 4,294,967,296 tu, nazo hazitoshi watu wa dunia, sembuse vyombo vyao. Kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na huwa na orodha inayosema mazungumzo haya ni ya nani. Mazungumzo yakiwa kimya muda mrefu, yanafutwa katika orodha. Habari ikija kutoka nje baada ya hapo hukuta jina halimo, nayo hupotea njiani. Wahandisi wa intaneti walitoa mwongozo mwaka 2008 kwamba mazungumzo ya namna ya TCP yasifutwe kabla ya saa 2 na dakika 4 za kimya, lakini si vyombo vyote vinavyoufuata. Dalili yake ni kwamba taa zote zinawaka, ukurasa mpya unafunguka mara moja, lakini ule wa zamani umekaa kimya kama maiti. Dawa yake ni programu itume neno dogo kila baada ya muda, lisemalo tu kwamba bado nipo. Msiogope bando. Kifurushi cha baiti 60 kikienda na kingine kikirudi kila dakika, kwa siku nzima ni baiti 172,800, haba kuliko picha moja ya simu.

Nilikaa nyumbani siku 9 zaidi baada ya matengenezo. Dada alisikia kengele zote, akapata kazi 4. Nyingine alizikosa kwa sababu wenzake wa huko Dar es Salaam ni wepesi wa vidole, na hilo haliponi kwa mipangilio. Fundi hatukumdai shilingi zetu.

Mama aliitoa ile simu ya zamani kabatini akamrudishia mdogo wetu mahali pake dirishani. Mimi nilimwomba radhi mbele ya Mama na Dada kwa ushahidi wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kukibonyeza kile kitufe. Nikamwambia hakuna haja tena ya kukibonyeza. Akasikitika kidogo.